Maji ya Chini ya Sabuni

Mama amepika sabuni ya mawese hapa Isevya tangu sijaanza shule, na mvuke wa kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ulikuwa umekichosha kifua chake. Akipanda ngazi mbili tu za baraza, anasimama kuhema. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini ndoto nilikuwa nazo nyingi kuliko vyeti.

Mteja wetu mmoja, mwalimu wa kemia, alinieleza kwamba maji tunayomwaga, yale yanayobaki chini ya sabuni, yana gliserini. Ukiyapitishia umeme kwa vipande vya metali inayochochea mabadiliko, gliserini inageuka asidi ambayo watengenezaji wa ngozi wanaitafuta. Si lazima platinamu, alisema, hata nikeli inafaa. Basi nikaona tumeokoka. Nikeli mafundi simu wanaitupa, ile mikanda myembamba ya kwenye betri mbovu.

Nikamwambia mama ataachana na jungu la sabuni. Akacheka mpaka akakohoa.

“Haya, profesa wa povu. Mimi nitakaa nikupikie chai.”

Mwalimu aliniuliza tunatia nini kwenye sabuni. Nikamtajia mawese, kostiki, maji. Chumvi sikuitaja. Kwetu chumvi haihesabiwi. Mama huirusha konzi kwa konzi mwishoni, na bismillahi, sabuni ipande juu, maji yabaki chini. Ni kama kufunika sufuria, nani anakutajia kwamba alifunika?

Siku ya kujaribu mvua ilinyesha, nikafanyia kazi chumbani, dirisha nimelifunga. Nikatumbukiza mikanda ya nikeli kwenye ndoo ya maji yale, nikaiunga na betri ya pikipiki. Mapovu yakatoka, nikamwita mama aje aone. Akaiinamia ndoo kwa karibu kuliko mimi, anatabasamu. Harufu ilikuwa ya dawa ya kutibu maji, kali. Nikadhani ndiyo asidi yenyewe. Nilipogeuka, alikuwa ameshika mwimo wa mlango, mdomo wazi, pumzi haiingii.

Mwalimu alikuja kutuona hospitalini. Nilipomweleza habari ya chumvi, akasema taratibu kwamba umeme ukipita kwenye maji ya chumvi hutoa klorini.

Mama hakunikaripia. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

“Watu wakiuliza, sema ni moshi wa kuni. Umesikia, mwanangu?”

Sasa jungu ni langu. Yeye anakaa mbali, kwenye geti, hata harufu ya mawese hawezi kuivumilia tena. Wateja wanamwamkia shikamoo, anaitikia kwa kichwa. Kisha wananifuata kuniuliza kimempata nini, nami nasema ni moshi.