Picha ya Mwalimu Zakaria

Kuko watu hapa Bunia mpaka leo wananiita Madame Karani, na siyo juu nilipata kazi ya ofisi (kazi iko wapi?), ni juu ya aibu niliyopata siku ya défense yangu, mbele ya jury, mbele ya korali nzima ya kanisa, mbele ya mama yangu muzazi aliyevaa libaya mpya, ile blauzi ya kitenge, na kama sakafu ya salle, ule ukumbi wetu, ingefunguka siku ile inimeze, ningeingia na viatu vyangu. Ninyi mulisikia habari hii kwa midomo ya watu. Leo musikilize kwangu mwenyewe, juu wale wanaongeza chumvi, na habari hii haiitaji chumvi.

Nilikuwa namaliza masomo ya historia chuoni, na kwetu huwezi kumaliza bila kuandika TFC, ile kazi ya mwisho unaandika kisha unaitetea mbele ya jury, wale walimu wa kuipima, na siku ya kuitetea njo inaitwa défense. Mi nilichagua Mwalimu Zakaria, mutu wa milima ya upande wa Kpandroma, aliyefungua masomo ya kwanza kule, ni kusema shule, wakati ya Wabeleji, nyumba ya majani, bila kuomba ruhusa kwa mutu. Watu wote wanataja jina yake, hakuna mwenye aliandika mambo yake. Mutoto wake moja tu njo alikuwa angali muzima, Mama Veronika, muzee wa miaka makumi munane na kitu, alikimbia vita na sasa anaishi huku pembeni ya muji. Nilimukuta kanisani nikamuomba ruhusa, na yeye akashika mukono yangu na mikono yake yote mbili.

“Andika, binti yangu,” alisema. “Siombi kitu. Ila tulikuwa na picha ya baba moja tu, iliungua pamoja na nyumba. Kama unaona sura yake ndani ya ile mashini yenu, uniletee niione. Naanza kuisahau.”

Mi nikajibu ndiyo mama, bila shida, kama vile nilikuwa na Mwalimu Zakaria ndani ya sakoshi yangu ya mukono.

Sasa hiyo mashini. Kwenye bibliothèque yetu (wenye Swahili safi wanaita maktaba) kuko kitu inaitwa base de données, ni kusema ghala ya vitabu na magazeti ya zamani, yenye kuingizwa yote ndani ya ordinateur (kompyuta), na wanasema humo unaweza kupata ata mutu aliyekufa kabla babu yako hajazaliwa. Wanasema. Ordinateur ziko tisa, zinatembea tatu. Mot de passe, lile neno ya siri ya kuingilia, ni moja kwa siye wote, na watu wakiingia mingi mashini inafukuza mwenye kutangulia, kwa hiyo unaona wanafunzi wakubwa, wenye ndevu, wanagombana kama watoto kwenye bomba ya maji. Na anayechunga pale ni Papa Anselme, mutu mupole mpaka unapenda kulia. Mashini ikikataa kufungua kitu, unamuambia, “Papa, connexion haiko.” Yeye anatoa miwani, anaipanguza, anasema, “Connexion iko, binti. Haina nguvu tu.”

Wiki tatu! Niliandika “Zakaria”, mashini ikaniletea nabii Zakaria, kurasa kwa kurasa, na wafafanuzi wake wote. Niliandika “Mwalimu Zakaria”, ikanipa vitabu vya kufundisha watoto mahesabu. Niliandika kwa Kifaransa, ikanipa Muzungu moja mwenye shamba ya kahawa. Nilipiga meza mpaka Papa Anselme akaja kusimama nyuma yangu.

“Unatafuta na jina,” alisema. “Wazungu hawakuwa wanaandika majina yetu. Walikuwa wanaandika kilima. Tafuta kilima.”

Nikaandika jina ya kilima. Na hapo, wapendwa, ndani ya gazeti moja ya zamani, picha ikaanza kushuka polepole, kwanza majani ya nyumba, kisha vichwa mbili, kisha watu wawili wazima mbele ya masomo. Moja amekaa kwenye kiti, suti nyeupe, kofia ya jua, mguu juu ya mguu. Mwengine amesimama nyuma yake, kidogo pembeni, miguu bila viatu, shati imepasuka kwenye bega. Chini ya picha kulikuwa fasi ya maelezo, lakini maelezo hayakutoka, kulikuwa tu ile kiduara inazunguka, inazunguka, na nyuma yangu watu watatu wanakohoa kikohozi ya kunifukuza. Kungoja dakika tano, nilishindwa. Nikatoa telefone, nikapiga picha ekrani, ile kioo ya mashini, nikaondoka.

Hiyo njo ilikuwa kosa ya kwanza. Ya pili nilifanya jioni, nimekaa kwa kitanda, nafurahi. Niliangalia ile picha nikasema, sasa nani hapa ni mwalimu? Na sikujiuliza ata mara mbili, juu nimekulia hapa: kwetu mukubwa anakaa, mudogo anasimama. Toka utoto wangu, papa akiingia unatoka kwenye kiti, muzee akiingia unatoka kwenye kiti, ata shemeji akiingia unatoka kwenye kiti. Basi mwenye kukaa njo Zakaria, mwenye kusimama ni boyi wa kubeba sanduku. Nikamukata boyi. Nikavuta kidole kwenye telefone, kidogo huku, kidogo huku, akabaki mwenye suti peke yake, safi, na nikafinya fasi ya kuhifadhi, na ile picha nzima ikapotea, juu telefone yangu nayo ina akili kama ya mwenye nayo.

Mudogo wangu Dieudo anafanya kazi ya kuchapa mabâche, zile turubai kubwa zenye picha wanatundika kwenye ndoa na matanga. Nilimupelekea picha atengeneze moja ya metre tatu, na tricot, zile fulana, za korali ya kanisa ya Mama Veronika, kila moja na sura ya Mwalimu kwenye kifua.

“Yaya,” Dieudo aliniuliza (yaya kwetu ni dada mukubwa), “ulimuonyesha Mama Veronika ile picha kwanza?”

“Nitamuonyesha siku ya défense. Surprise. Unajua surprise?”

“Enda tu umuonyeshe. Ukipanda pikipiki ni fasi karibu.”

“Na matope yote ile? Dieudo, chapa.”

Kumbe ukweli niwaambie: sikuwa nimefika kwake ata mara moja. TFC nzima ya baba yake, kurasa karibu makumi munane, na sikukaa na mutoto wake kumuuliza kitu. Nilikuwa nasema, bibi muzee atanipotezea siku nzima na hadisi za kuku na mbuzi, mi niko na base de données. Aa! Nikikumbuka hii najichukia mpaka leo.

Siku ikafika. Salle ilijaa, watu walisimama mpaka kwenye madirisha. Korali iliingia na tricot zao, lakini nilikuwa nimeomba wavae majoho juu, wavue tu nikipiga mukono (nilikuwa nimepanga kila kitu, mi!). Mama Veronika walimukalisha mbele kabisa, kitambaa nyeupe kwa kichwa, na jirani yake pembeni. Alikuwa amefunga macho kama mutu anaomba. Bâche ilikuwa kwenye ukuta, imefunikwa na kikwembe, nguo ya kitenge. Nilisoma dakika makumi mbili, sauti inapanda, professeur mwenye kuongoza jury anatikisa kichwa ya kukubali, na mwisho nikasema, “Leo, baada ya miaka mingi, Mwalimu Zakaria anarudi kwa watoto wake,” nikapiga mukono, Dieudo akavuta kikwembe, korali wakavua majoho.

Vigelegele! Watu wa nyuma walipiga mpaka mabati yakalia. Lakini safu ya mbele, ile ya familia, walimugeukia Mama Veronika. Nikasema labda ni machozi.

Mama Veronika alifungua macho. Aliangalia. Aliangalia tena, akasogeza shingo.

“Huyu ni nani?”

Nikainama, nikasema kwa sauti ya kumubembeleza, kama anasikia vibaya, “Mama, ni baba. Ni Mwalimu.”

“Mi najua baba yangu. Huyu ni karani.”

“Mama...”

“Karani wa territoire, wa serikali ya Wabeleji! Huyu njo alikuja kufunga masomo! Huyu njo alimupeleka baba gereza! Nilikuwa mutoto, lakini alikuwa anapita kwetu, kofia njo hii, meno njo haya!” Akageuka kwa korali, watu makumi mbili, kila moja na karani kwenye kifua. “Na ninyi, mumemuvaa?”

Moja ya wale wa korali, papa munene wa sauti ya chini, akafunika kifua yake na kitabu ya nyimbo. Nyuma mutu akacheka. Akacheka wa pili. Halafu salle nzima, yo, Mungu wangu, ile kicheko ya watu wanaojikaza na wanashindwa, na wengine wanarudisha majoho mbio mbio, moja akaingiza kichwa kwenye mukono ya joho akabaki anapigana nayo pale. Mama yangu alikuwa anaangalia chini, anahesabu vigae.

Professeur akagonga meza. “Mademoiselle, maelezo ya picha yanasema nini?”

Nikafungua karatasi zangu, nikazifunga.

“Ulisoma maelezo?”

“Professeur, connexion haikuwa na nguvu.”

Kicheko ya pili ilikuwa kubwa kupita ya kwanza. Na mi, badala nilie, nilikasirika, nikaanza kumulaumu Papa Anselme, kumulaumu network, kumulaumu telefone, nikasema ata ile gazeti njo ilikosea, ilipiga picha vibaya. Niliongea mambo! Na hapo katikati ya kelele nikaona Mama Veronika amesimama. Anatembea kwa bâche, polepole, watu wanamupisha. Akafika pembeni kabisa, kwenye bega ya karani, fasi kiti inaishia. Kulikuwa vidole vinne vyenye kushika kiti. Mi sikuwa nimeviona. Nilikuwa nimemukata mutu, vidole vikabaki.

Aliweka mukono yake juu ya vile vidole. Kile kidogo kilikuwa kimepinda kabisa.

“Hii ilivunjwa na jembe,” alisema. Hakuna aliyecheka tena. “Baba iko hapa. Weye ulimukata.”

Hakusema kwa hasira. Kama angenipiga kofi ingekuwa muzuri zaidi. Aliomba makasi, mutu akatoa kwenye bureau, ofisi ya pembeni, na mbele ya jury na watu wote akakata vile vidole vinne kwenye bâche, akavifunga kwenye kona ya kikwembe yake, akatoka. Familia ikamufuata, korali nayo. Jury ikanirudisha mpaka session ya pili, ni kusema nitetee tena.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa kwenye mulango ya bibliothèque. Connexion iko, haina nguvu. Siku ya pili, vile vile. Siku ya tano mot de passe ilikuwa imebadilishwa, mwenye kuijua alikuwa safari Iga Barrière. Niliwapigia wote kelele mpaka Papa Anselme akaniletea chai yake mwenyewe ninyamaze. Wiki ya pili, asubuhi moja, picha ya kilima ikafunguka. Nikangoja. Kiduara ikazunguka, mi nikaangalia tu, watu wakakohoa mpaka wakachoka. Na maelezo yakatoka, mustari moja mudogo: mwalimu wa kilima, aliyesimama, pamoja na karani wa territoire. Ni hiyo tu. Dakika tano ya kungoja! Nililia pale juu ya clavier, vile vifungo vya kuandikia.

Nikachapa picha nzima, nikapanda pikipiki, nikaingia matope ile nilikuwa naogopa. Mama Veronika alikuwa mbele ya nyumba yake ya mbao, anachagua maharage. Hakunifukuza. Aliingia ndani akatoka na kiti, akaipanguza na kikwembe.

“Kaa.”

Nikakaa. Nikamupa picha. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha aliweka kidole gumba kwenye sura ya yule wa nyuma na akasema tu, “Ee. Ee, baba. Njo yeye.” Alikuwa anarudilia vile, hanioni tena, machozi yanashuka na yeye hayapangusi.

Mi, juu domo yangu haina kufuli, nikauliza, “Mama, lakini yeye njo alikuwa mukubwa wa ile fasi. Juu ya nini alisimama, karani akakaa?”

Aliniangalia kama mutoto mwenye kuuliza juu ya nini maji inalowanisha.

“Kiti ilikuwa moja, ya baba. Karani alikuja kumufunga, ni kweli, lakini alikuwa amefika kwetu. Mutu akifika kwako unamupa kiti.”

Hapo nikajiona. Nyumba ile haikuwa na kiti ingine. Mi nimekaa, mguu juu ya mguu, na muzee wa watu amesimama mbele yangu kwenye jua. Niliruka mpaka kiti ikaanguka, na yeye akacheka, mara ya kwanza namuona anacheka, akatandika mukeka, tukakaa chini siye wote wawili, nikafungua kaye, daftari yangu, akaongea mpaka maharage yakaiva. Ile TFC nzima niliandika upya, na session ya pili nilipita.

Lakini nimeapa. Base de données nitafungua, maelezo nitangoja ata siku tatu, ila kwanza naenda kwa wenyewe na miguu yangu, matope ama hapana, na wakinitolea kiti, kabla sijakaa, nauliza ni ya nani.