Cheti cha Tekla

Tekla alikuwa mfagiaji wa zahanati ya kijiji cha ujamaa kilichokuwa upande wa Ipole. Mganga alikuwa mmoja tu, na mara nyingi alikuwa Tabora kufuata dawa. Wajawazito wakija, Tekla ndiye aliyewapokea. Mwezi wa pili, 1975, jirani yake Minza alijifungua, kisha akavuja damu mchana kutwa. Tekla alibana kwa vitambaa, hakujua lingine la kufanya. Minza akafa kabla trekta la kijiji halijapatikana.

"Angekuwepo aliyesoma, angepona," Tekla aliwaambia wanawake msibani.

Serikali ilikuwa ikiwalipia masomo wakunga wa vijijini: chakula, malazi na nauli. Tekla akapanda lori la tumbaku hadi Tabora. Karani wa ofisi ya afya akamuuliza, "Cheti cha darasa la saba?"

"Niliishia la tatu, baba. Lakini kisomo cha watu wazima nimemaliza. Nasoma hata gazeti."

"Kisomo si cheti, mama. Jina lako siwezi kulipeleka."

Akarudi, akamwomba mwalimu mkuu amruhusu kukaa darasani na watoto. Mwalimu akamweka la sita, dawati moja na Flavia, binti wa Tekla mwenyewe. Miaka miwili alifagia zahanati alfajiri, kisha akakimbilia darasani. Kilabuni walimcheka. Mumewe alichoka kujipikia, akaenda kwao Sikonge, hakurudi. Mtihani Tekla akafaulu.

Aliporudi Tabora, safari hii alimkuta karani kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Cheti hiki hapa."

Kijana akakisoma, akasoma na cha ubatizo. "Mama, umepita miaka thelathini na tano. Serikali hailipii waliopita hapo."

"Nilipokuja mara ya kwanza nilikuwa na thelathini na nne! Mbona hamkuniambia?"

Tekla akapiga magoti sakafuni. "Nipelekeni hata nikafagie chuo. Nitasikilizia dirishani." Makarani wakamwinua, wakamtoa nje.

Kijijini alimrudishia mganga ufunguo wa zahanati, akashika jembe. Wajawazito wawili walimfuata shambani, akawakatalia, akaendelea kulima. Wa tatu, Apolinaria, alikuja na uchungu umeshakolea, akakaa chini kwenye tuta.

"Tekla, sina mwingine mimi."

Alimzalisha palepale, mtoto akatoka mzima. Kesho yake akaenda kuuomba ule ufunguo. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja zaidi, kwa mshahara wa mfagiaji, na kila mjamzito alipoingia, alimwogopea asije akafa kama Minza.