Funguo na Kontrola ya Ng'ambo

Mtaa mzima unamwita mdogo wangu Funguo, na ukimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi utaambiwa umepotea. Kazi yake ni kuchonga funguo na kuwafungulia milango watu waliojifungia nje. Miguu yake haikunyooka tangu utotoni. Kiti cha magurudumu alishawahi kuwa nacho, ila vichochoro vyetu vimejaa mitaro na vizingiti. Kiti kinakwama, na mwenye kiti anabaki kuwaomba wapita njia wamnyanyue. Ndipo akanunua kwa mtu ubao wa umeme wenye magurudumu, ule ambao vijana wa nchi za wenzetu wanausimamia wakiteleza barabarani. Yeye akafunga mto wa kochi juu yake, akakaa, akashika rimoti mkononi, mfuko wa vifaa mapajani, huyo akaondoka. Sisi tulibaki tumetoa macho.

Tangu hapo, mtu akipiga simu kwamba mlango umejifunga na ufunguo uko ndani, Funguo alikuwa anafika kabla mume na mke hawajamaliza kutupiana lawama. Alikuwa haombi lifti wala mkono wa mtu.

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Nina kibanda, kiti kimoja cha mteja, na mdomo usio na breki. Hilo la mwisho ni maneno ya mume wangu, mnisamehe. Funguo anafanyia kazi kwenye kibaraza cha kibanda changu, kwa hiyo ubao ulipokufa nilishuhudia kwa macho yangu. Alivuka dimbwi alilolidharau, moshi ukatoka chini, ubao ukanyamaza. Fundi wa redio akaufungua, akanusa, akasema kontrola imeungua. Kontrola ni kile kiboksi kinachokaa kati ya betri na mota. Ndicho kinachoisikiliza rimoti. Akasema kifaa hicho huku kwetu hakuna, kiagizwe nje.

Basi mume wangu akawa anambeba Funguo mgongoni kila asubuhi kumleta kibandani. Akiitwa kwenye mlango wa mtu alipanda pikipiki, na akifika ilibidi atokee mwenye nguvu wa kumnyanyua mpaka mlangoni. Siku moja nilimsindikiza. Mteja akambeba, akamweka chini, kisha akanigeukia mimi, wala hakumwangalia yeye, akaniuliza kama kweli anaweza. Mlango aliufungua, tena upesi. Lakini tuliporudi, simu ya kazi iliyofuata aliiacha ilie mpaka ikakata. Pale nikaelewa kwamba kontrola isipokuja, kazi ya milango imekwisha, na mdogo wangu atabaki mtu wa kibarazani, wa kuletwa na kuondolewa. Jambo hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Kontrola tuliiona kwenye duka moja la mtandaoni huko ng'ambo, lenye wauzaji wengi kama soko. Kuiona haikuwa kazi, kazi ilikuwa kulipa. Benki, karani alitueleza kwa upole wote kwamba makato ya kutuma yangeipita bei ya kifaa chenyewe. Binamu yetu anayeishi nje akasema atanunua yeye, halafu atampa mtu anayesafiri kuja huku. Binamu tunamfahamu, huyo anayesafiri ndiye hajawahi kupatikana. Tukamuuliza muuzaji kama tunaweza kulipa mzigo ukishafika mkononi, akatutumia vile vikatuni vya kucheka. Kisha akaja na lake: tumlipe pembeni, nje ya duka, tumtumie pesa kwa jina lake mwenyewe, naye atatupunguzia bei. Funguo macho yakamng'aa.

Nikamwambia ayazime. Kibandani kwangu haipiti siku bila mtu kuja analia kwamba ametuma pesa kwa asiyemjua, na anavyonitazama utadhani ninaweza kuingiza mkono kwenye simu nikaitoa. Mimi pesa yangu ikitoka naitaka iwe na kamba mguuni. Kwa hiyo tukalipa kwa ile kadi inayotengenezwa ndani ya simu. Unaijaza kiasi cha manunuzi tu. Ukishalipa inabaki tupu, hata mwizi akiipata ataambulia namba. Pesa inashikwa na wenye duka. Mzigo ukifika, mnunuzi anabonyeza mahali palipoandikwa kwamba amepokea, ndipo muuzaji analipwa. Nilimweleza Funguo, nikarudia, nikarudia tena mpaka akaniomba nipumzike: usibonyeze hapo mpaka kontrola uwe umeishika.

Akabonyeza.

Muuzaji alikuwa amemwandikia, na simu ikayageuza maneno kuwa Kiswahili cha kuchechemea. Aliomba radhi, akasema mzigo umeshaondoka, lakini pesa yake imeshikiliwa na ana wafanyakazi wanaomtazama yeye. Akamwita Funguo ndugu: je, ndugu yake anaweza kumsaidia kwa kuthibitisha mapema? Ndugu yake akathibitisha. Tena alikuja kunionyesha mwenyewe, ametulia, uso wa mtu aliyetenda jema.

Damu ilinichemka. Nilimpa vidonge vyake palepale, wateja wakisikia: kwamba amepigwa changa la macho mchana kweupe, kwamba hata mtoto wa chekechea asingeuingia mtego ule, kwamba pesa imekwenda na kamba yake. Aliniacha nikaishiwa pumzi, huku akiendelea kupiga tupa ufunguo wa mtu. Kisha akanieleza, bila kukasirika, kwamba kwenye kazi yake mlango ukishafunguka fundi anageuka kero. Anaambiwa atatumiwa chake kesho, na kesho simu haipokelewi. Anajua inavyouma kufanya kazi mtu akakalia jasho lako. Akaweka tupa chini.

"Dada," akasema, "watu wananisaidia mpaka nimechoka. Huyu ndiye wa kwanza kuniomba mimi nimsaidie."

Hasira nikazihamishia kwa muuzaji. Nilichukua simu ya Funguo nikamwandikia maneno ambayo nadhani hata mashine ya kutafsiri iliona haya. Hakujibu. Nikawalalamikia wenye duka, na jibu lao likaja kwenye barua pepe yangu, maana akaunti niliifungua mimi: mnunuzi amethibitisha kupokea, shauri limefungwa. Nilipoifuatilia ile namba ya mzigo aliyotupa, nikakuta ni ya mzigo wa mtu mwingine, uliokwishafika zamani katika nchi nyingine kabisa. Jamaa alikuwa ameingia mitini.

Niliamua kumwambia Funguo ukweli. Nikatoka ndani maneno nimeshayapanga mdomoni. Nikamkuta ameupindua ubao, anapaka grisi beringi za magurudumu, anamsimulia mteja kwamba kontrola iko njiani na muuzaji wake ni muungwana, tatizo ni meli tu. Mteja akawa anamwitikia "eeh, eeh," kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Nilimwonea huruma mdogo wangu, kisha nikajichukia, kwa sababu huruma ndiyo kitu ambacho hakitaki kutoka kwa mtu yeyote. Nikarudi ndani na maneno yangu.

Pesa niliyokuwa nikiiweka ya kununulia friji ya nyumbani ilikuwepo. Nikaijaza kwenye kadi, nikatafuta muuzaji mwingine kwenye duka lilelile, kifaa kilekile, sanduku langu lilelile la posta. Siku ile mume wangu aliponiuliza habari za friji nikamwambia maji ya baridi yanaharibu koo. Alinitazama kidogo, akaendelea kula.

Na mzigo ukaja. Nilibandua karatasi yenye jina la mtumaji nikiwa bado posta, nikaikunja nikaitupa, halafu nikaenda nikamwekea Funguo boksi mapajani. Alilichana kwa kisu, akaitoa kontrola, akaigeuza huku na huku, akacheka peke yake. Nilikijua kinachofuata.

"Umeona?" akasema. "Si ulisema nimelizwa?"

Tangu tukiwa wadogo sijawahi kushindwa ubishi na huyu mtu. Na safari hii nilikuwa na haki yote, ushahidi ninao kwenye simu, mfukoni mwa gauni. Nikasema ndiyo, nimeona.

Hakuniachia hapo. Alikuwa ameshaanza kuunganisha nyaya, mikono imejaa grisi, akanituma nichukue simu yake nimwandikie muuzaji shukrani. Akawa anasema, mimi naandika.

"Ndugu, mzigo umefika salama. Asante kwa kutimiza neno lako. Yule aliyekutukana ni dada yangu. Ana hasira za karibu lakini moyo wake ni mzuri. Amejua amekosea, anakuomba msamaha."

Ilinijia niandike mengine, na nilikuwa nayo mengi. Lakini aliacha nyaya, akataka nimsomee. Nikamsomea. Akauliza kama lile neno la msamaha nimeliweka, nikamwambia limo. Pale juu kwenye kioo cha simu matusi yangu yalikuwa bado yamejipanga, yote, hayajajibiwa. Nikatuma.

Alikaza skrubu ya mwisho, akabonyeza rimoti, magurudumu yakazunguka hewani. Uso wake ulivyokuwa, kama ningekuwa na pesa ya friji nyingine ningeitoa. Akaufuta ubao, akakaa, akavuta simu yake kutoka mkononi mwangu akaitazama.

"Bado hajajibu?"

"Bado," nikasema.

"Atakuwa na kazi nyingi," akasema, kisha akampigia yule mteja ambaye simu yake aliiacha ilie, akamuuliza kama ile kazi aliyompigia alishapata wa kuifanya. Akamwambia asihangaike kutuma pikipiki, anakuja mwenyewe.