Picha Mbili za Sista

Dada yangu mkubwa ni mtawa, na kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Hata mama mzazi alimwita Sista hadi alipofariki. Aliondoka Ukambani akiwa msichana, shirika lake likampeleka Bolivia, na huko vijijini ndiko alikofundisha watoto maisha yake yote. Alipokuja likizo mwaka jana alifikia kwangu Uthiru. Nilikuwa nimemwachia nusu ya kabati. Hakuitaka. Begi lake lilikaa wazi karibu na mlango; asubuhi anachomoa nguo, jioni anairudisha imekunjwa.

"Mgeni siku mbili, Sista," nilimtania. "Kesho nakupa jembe."

"Jembe langu liko kule," akasema. "Hapa napita tu."

Iliniuma, sitaficha. Mimi ndiye ndugu yake pekee aliyebaki, naye anawazungumzia wale watoto wa watu utadhani ndio aliotoka nao tumbo moja. Tiketi ya kurudi aliitunza ndani ya Biblia.

Sebuleni kwangu kuna picha aliyotutumia zamani, alipofika tu huko. Amesimama mbele ya nyumba ya udongo, jicho la kulia limevimba hadi likafunga, na anacheka. Mama aliitia kwenye fremu, na kila mgeni aliyeingia aliulizwa akisie ni nani aliyempiga mtawa ngumi. Mama alipokwenda, nilirithi picha pamoja na mzaha wake.

Jumapili moja Sista akaanguka kanisani wakati wa matoleo. Akina mama wa jumuiya walisema ni presha, wakaniletea vitunguu saumu. Mimi nilisema ni kufunga kupita kiasi, nikamgombeza. Lakini miguu yake ilikuwa imevimba, na kwenye ngazi za nyumba yangu alisimama kila baada ya hatua chache akijifanya anatazama maua ya jirani. Maua yenyewe yalikuwa yamekauka. Nikampeleka Upper Hill kwa daktari wa moyo.

Daktari alikuwa rika la binti yangu. "Geuka na side ya left, Sista. Mkono iende juu ya kichwa." Akampaka mafuta mazito ya baridi kifuani, akabonyeza kile kifaa cha kupigia picha. Sikuwa nimeona kifua cha dada yangu tangu tulipokuwa tukioga mtoni, kwa hiyo nilikaza macho kwenye skrini. Moyo wake ulikuwa kivuli cha kijivu kinachofumba na kufumbua. Daktari alipowasha sauti, ulisikika kama blanketi zito linalofuliwa kwenye karai.

Alikuwa akitupigia stori, kisha akanyamaza. Akarudia sehemu moja, akabonyeza, akarudia tena.

"Sista, umekuwa ukiishi wapi?"

"Bolivia."

"Kwa nyumba za udongo?"

"Mwanzoni, ndiyo. Usiku wadudu walikuwa wanatuangukia kutoka kwa paa."

"Uliwahi kufura jicho moja, ikakaa hivyo kwa muda?"

Nilimjibia Sista.

"La kulia," nikasema.

Daktari akatueleza polepole. Mdudu yule hunyonya damu, kisha huacha kinyesi papo hapo kwenye ngozi; ukijipangusa jicho, umejiingizia ugonjwa. Unaitwa Chagas. Jicho hupona, lakini ugonjwa hujificha kwenye moyo na kuula miaka na miaka. "Mimi nimeusoma kwa vitabu tu," akasema. "Tutapima damu tuhakikishe. Lakini angalieni hapa." Juu, moyo ulikuwa ukijikaza. Chini, kwenye ncha, ukuta ulikuwa umekonda na kutuna kwa nje, na haukusogea hata kidogo. Ndani yake kulikuwa na damu iliyoganda.

"Nasafiri mwezi ujao," Sista akasema, bado amelala ubavu.

"Pole, Sista. Hiyo damu iking'oka iende kwa kichwa…" Hakumalizia. "Na hata tukiitibu, hii moyo inataka ukae karibu na hospitali. Hautaweza kurudi kuishi huko."

"Hata kuwaaga tu?"

Daktari akatikisa kichwa.

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha kwamba hataniacha. Kisha nikauona uso wake.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja ukutani kuiondoa ile picha.

"Iache," akasema. "Siku hiyo nilikuwa na furaha."

Akaingia chumbani. Nikasikia hanga zikigongana ndani ya kabati, moja baada ya nyingine. Alipotoka alikuwa amevaa ndara zangu. Akaja jikoni, akavuta kiti, akakaa.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Leta hilo jembe."

Nikampa kisu na sukuma wiki. Aliikata nyembamba kama mama alivyotufundisha, machozi yakimdondoka ndani ya sinia.