Silinda Hedi ya Chefe

Miaka ile gesi ilipogunduliwa, Palma, mji wetu wa kaskazini mwa Msumbiji, ilijaa watu walioitwa chefe. Wengine sikujua walikuwa wakuu wa nini. Huyu wangu alitoka Maputo, alisimamia maboti ya wakandarasi fulani kule Afungi, kwenye kambi ya gesi, na Jumamosi moja aliniletea pikipiki ya maji nyuma ya gari, ile isiyo na kiti, ambayo mtu huiendesha amesimama.

Mimi nilikuwa fundi wa mashine za boti. Akaniita mestre, yaani fundi bingwa, nami nikavimba kama bunju.

"Mestre, nataka kupiga mortal," alisema. Ndivyo Kireno kinavyoliita pinduo la angani, na jina lenyewe limebeba mauti. Mtu anaonywa na lugha yake mwenyewe, hasikii.

Akatandaza karatasi zenye picha za vipuri. Nikamweleza kwa Kireno, kwa adabu. Anayetaka kupinduka hana haja na mbio. Anataka nguvu ya ghafla, palepale alipo, kabla wimbi halijampita. Kwa hiyo abadilishe feni ya pampu, achukue yenye mapanga ya mlalo mdogo, inayouma maji mara tu moto unapoongezwa. Silinda hedi aiache ileile ya kiwandani. Zile zinazobana sana hutaka petroli safi, na petroli yetu ilivuka mpaka wa Namoto kwenye madumu, ikiwa imeshakutana njiani na mafuta ya taa.

"Mestre, wewe umezoea mashine za wavuvi," akasema, akinipigapiga begani. "Hii ni teknolojia."

Akachagua hedi inayobana kuliko zote, feni ya mbio ndefu, na ekzosi nyekundu. Nikamwuliza ekzosi ni ya nini.

"Ona rangi yake," akajibu.

Vipuri vilipofika nilivifunga vyote. Ningeweza kukataa. Lakini mji mzima ulikuwa ukitafuta mtu wa kuuingiza kambini, na mimi wangu nilikuwa naye, ameketi juu ya ndoo yangu, anakunywa chai yangu. Fundi mwenye njaa ya kazi ya kampuni hukaza boliti yoyote anayopewa.

Jumapili iliyofuata akaalika wenzake, wakaja ufukweni na viti vya kukunja. Maji ya bahari yalikuwa yameanza kupwa. Alipowasha, nikasikia mle ndani sauti kama ya misumari inayotikiswa kwenye kopo.

"Chefe, inagonga! Zima!"

Akanipungia mkono, akidhani namshangilia. Akaenda mbali, akageuka, akakikabili kiwimbi, akaongeza moto mpaka mwisho. Pua ikainuka kidogo, kama mbuzi anayenusa ukuta. Mashine ikazimika. Chefe akaanguka chali.

Bahari yetu ikitoka, hutoka kweli. Nilipomfikia alikuwa anakokota chombo kwenye tope na majani ya bahari, maji yakimfika vifundoni. Akina mama waliokuwa wakichokoa pweza wakamzunguka. Mmoja akamwamkia kwa heshima zote, kisha akauliza, "Baba, ile gesi mnaitafuta hapa?"

Chefe hakujua Kiswahili. Akaniuliza mama amesema nini.

"Anakupa pole, chefe."

Nilipoifungua mashine nyumbani kwangu, pistoni ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

"Hukuifunga vizuri," akasema.

Nami, mtu mzima mwenye watoto, nikajibu, "Ndiyo, chefe." Mke wangu alikuwa pembeni anaanika mihogo, akasikia kila neno. Hakunisemesha mpaka Jumatano.

Pistoni mpya ilikuja pamoja na ile feni niliyomshauri, aliiagiza kimyakimya. Nikaifunga, nikarudisha hedi ya zamani bila kumwuliza. Safari hii chombo kiliruka. Hakikupinduka, la, ila kiliruka, kikajizungusha nusu, kikatua naye akiwa bado juu yake. Wageni wake wakapiga makofi. Akaja ufukweni anatweta, akawaeleza kwa Kireno kwamba petroli ya huku ni chafu, hedi ya kubana sana haifai, na kwamba yote hayo ni yeye aliyemfundisha mestre wake.

Wakanigeukia wote. Nikaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa mkate wao wa jibini.