Umuravumba Mbele ya Mlango

“Nyanya, mbona hii yenye kunuka hivi ndiyo unaiweka mbele ya mulango, na asumini unaipeleka kule nyuma?”

Kaoutar aliuliza hivyo akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Miguu yake ilikuwa imejaa tope, na mkononi alishika kijiti cha umuravumba kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Nyanya yake, Chausiku, alikuwa amepiga magoti akichimba shimo kwa kisu cha jikoni. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, kama fundi anayedai nyundo.

“Leta,” alisema.

Basi, kijiti kikaingia ardhini, na swali likabaki juu.

Umuravumba ni kichaka chenye majani yanayonata vidoleni. Mtoto wa Rumonge, huku Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, huujua kwa ulimi kabla hajaujua kwa macho. Ukikohoa kidogo tu, mama anachuma, anaponda, anakamua, halafu anakubana pua umeze. Uchungu wake hauna mfano, na harufu yake hupanda mpaka nyuma ya macho. Si kitu cha kumpelekea bibi harusi.

Na Chausiku alikuwa mtu wa maharusi. Kule chini, katika mtaa wao wa zamani uliogusana na ziwa, yeye ndiye aliyepika udi. Alichemsha sukari, akachanganya na vibanzi vya mti na maua makavu ya uwanja wake, akafinyanga kwa mkono. Siku ya harusi, wapita njia walikuwa hawaulizi nani anaolewa. Walinusa, wakasema, “Leo kwa Chausiku kumewaka,” hata kama harusi yenyewe ilikuwa ya nyumba nyingine kabisa. Yeye akisikia hivyo hukaza kilemba chake na kujifanya hakusikia.

Kisha ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni asiyejua kuaga: leo liko kwenye mchaichai, kesho liko kwenye kizingiti, mpaka visamaki vikawa vinaogelea kati ya mashina ya asumini. Mtaa ukatawanyika. Agata, jirani wa mlango wa buluu, Mkatoliki aliyekula Idi kwao na kuwalisha Noeli kwake, alikwenda kwa dada yake kule Minago. Chausiku na mwanawe Hakimu, baba yake Kaoutar, walipata kiwanja huko juu, upande wa milima, ambako nyumba zote ni mpya na zote zimefanana, bati moja, rangi moja, mlango mmoja. Hakimu alibeba magodoro. Chausiku alibeba beseni la vijiti na mizizi iliyofungwa katika kitenge kibichi, na njia nzima hakukubali kupokewa.

Kiwanja kilikuwa kidogo. Ukiondoa nyumba, jiko na choo, kilibaki kiukanda chembamba cha kutandika mkeka. Hakimu alikitazama akasikitika.

“Mama, hapa utapanda nini?”

Hapo ndipo Chausiku aliposema neno lililomfunga. “Aisha akiolewa, udi itatoka katika uwanja huu. Sitanunua hata jani.”

Aisha ni dada yake Kaoutar, mzaliwa wa kwanza wa Hakimu. Wakati ule hakuwa na mchumba wala habari ya mchumba. Lakini neno lilikuwa limetoka, na jirani mpya, Lukeba, seremala wa vitanda aliyekuja kuwaamkia, alilisikia. Lukeba hasahau kitu kinachoweza kugeuzwa utani.

Watu walidhani Chausiku atapanda kesho yake. Hakupanda. Aliifunika mizizi kwa gunia lenye maji, akawasha chetezo, akakiweka katikati ya uwanja mtupu, akakaa kwenye kigoda akitazama moshi. Asubuhi alikaa. Adhuhuri alikaa tena. Lukeba akainua kichwa juu ya uzio.

“Mama Hakimu, udongo nao unaolewa?”

“Ninaangalia njia.”

“Njia ya nani?”

“Ya upepo. Wewe si unapima mbao mbele ya kukata?”

Lukeba akakubali kwamba anapima. Mara nyingi.

Kaoutar alikaa naye akautazama moshi kama watoto wengine wanavyotazama televisheni, na aliona kitu ambacho hakuwahi kuambiwa shuleni. Asubuhi moshi ulilala chini, ukateremka kuelekea ziwani. Jua lilipopanda, upepo wa ziwa uligeuka, ukapita sawasawa mbele ya mlango, ukaingia kichochoroni na kupanda nacho mpaka juu kabisa kwenye barabara ya pikipiki. Chausiku aliinuka, akaenda mbele ya mlango, akakanyaga kwa kisigino. Alama ikabaki. Pale ndipo mahali pa heshima.

Halafu akaanza kuchagua, na uchaguzi wake ulikuwa na sheria moja: kila mmea uwe na kazi mbili, moja ya mwili na moja ya pua. Asiye na kazi mbili hana nafasi. Mchaichai ulipita: chai ya homa, harufu ya kupendeza, na tena unashika udongo mvua isiubebe. Mrehani ukapita: tumbo na mto wa kulalia. Mhina ukapewa pembe yenye jua, kwa vidonda na mikono ya wanawali, na maua yake nayo yananukia. Mwarobaini ulikataliwa.

“Anaponya, lakini anataka nyumba yake mwenyewe,” Chausiku alisema. “Huyu akikua atatufukuza.”

Hakimu, kwa wema wake, alileta waridi jekundu sana kwenye kopo.

“Inaponya nini?” mama yake akauliza.

“Mama, ni maua. Ni mazuri.”

“Hata wewe ulikuwa muzuri, lakini nilikutuma maji.”

Waridi likaenda kwa Lukeba. Shubiri, isiyo na harufu ya maana, ilihurumiwa kwa ajili ya watu wanaojiunguza jikoni. Ilipewa chungu kilichopasuka, juu ya ukuta, ikae kama mgeni wa barazani. Asumini ilileta mjadala, maana hakuna aliyeweza kutaja ugonjwa wake, mpaka Chausiku mwenyewe akaamua kwamba inaponya hasira ya wanaume waliooa. Ikapita, lakini ikapelekwa nyuma. Na mahali pa kisigino, mbele ya mlango, pakaingia umuravumba.

Vijiti vilishika upesi. Mvua ilipokwisha na jua kuchukua zamu, umuravumba ulikuwa umemzidi Kaoutar urefu. Binti wa Lukeba akapata mchumba, na Lukeba, kwa ujirani, akaomba udi. Chausiku alifurahi kupita kiasi. Alipika kama alivyopika maisha yake yote, sukari kwa jicho, maua kwa jicho, na mwisho konzi moja ya majani makavu ya umuravumba, kwa sababu huo ndio uliokuwa ufunguo wa udi wake tangu kule chini, siri ambayo wateja hawakuijua.

Siku ya harusi chetezo kikaingia chumbani kwa bibi harusi. Moshi ukajaa. Bikizee mmoja akatazama huku na huku, akauliza kwa upole, “Pole jamani, nani anakohoa?” Na watoto waliokuwa wakicheza kwenye korido, harufu ile ilipowafikia, wote kwa pamoja walifunga midomo kwa mikono na kukimbilia nje. Walidhani wanaitwa kunyweshwa dawa.

Kilichofuata kinajulikana. Mtaa mzima ukaubatiza udi ule “udi ya kikohozi.” Lukeba, aliyekuwa na haki ya kukasirika, alichagua kucheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Kila akipita kwenye uzio alikohoa kidogo, kwa adabu. Wanawali wakaanza kununua udi wa makopo sokoni. Na Hakimu, ambaye alikuwa amesikia mazungumzo ya posa kutoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, alimjia mama yake akiwa ameinama.

“Mama, siku ya Aisha tununue. Watu wa Buyenzi wanajua udi. Watatucheka.”

“Ukinunua,” Chausiku alisema, “mimi siku hiyo utanikuta jikoni ninamenya ndizi.”

Alikaa siku nzima mbele ya kile kichaka. Kuelekea alasiri alichuma jani, akalitafuna polepole, akalitema. Macho yalimtoka machozi. Akatafuna la pili. Kisha akaanza kucheka peke yake, mpaka Kaoutar akaogopa.

“Kule chini majani yalikunywa maji ya ziwa, yalikuwa yamepoa,” alisema. “Huku yanakunywa jua. Muti ulihama, mukono wangu haukuhama. Mukono bado iko kule ndani ya maji.”

Akaanza upya, kama mwanafunzi. Aliacha majani, akangoja maua, yale marefu mepesi yanayotoka kiangazi. Akayaanika kivulini, siyo juani. Konzi ikawa kibano cha vidole. Na pua yake mwenyewe akaiweka pembeni, akasema imezoea kusamehe, akaajiri pua ya Kaoutar. Kaoutar alitumwa mpaka barabarani, arudi kichochoroni, na akifika mlangoni aseme neno la kwanza linalomjia, bila kufikiri.

“Inanuka dispanseri,” alisema mara ya kwanza.

Baadaye ikawa “nguo za Idi.” Baadaye ikawa “mwalimu wetu wa Kifaransa,” na nyanya yake akamkatalia kueleza zaidi. Miezi ilipita, kiangazi kingine kikaja, Kaoutar akahamia sekondari, na mchezo ukaendelea. Siku moja alirudi kichochoroni, akafika mlangoni, na hakusema harufu yoyote. Alisimama tu.

“Nyanya,” alisema, “ule mulango wa buluu ulikuwa wa nani?”

“Wa Agata.”

“Nimeuona sasa hivi. Sijui kwa nini.”

Chausiku alifunika bakuli la udi kwa sahani, akaliweka juu ya kabati, na kuanzia siku ile hakuongeza wala kupunguza kitu.

Harusi ya Aisha iliwadia. Mashangazi wa bwana harusi walishuka garini kutoka Buyenzi, wamevaa wakavalika, na mkubwa wao amebeba kopo la udi wa Dubai lenye mfuniko wa dhahabu. Alilitua mezani taratibu, kila mtu alione.

“Na sisi hatukuja mikono mitupu, mama.”

“Murakoze, asanteni sana,” Chausiku alijibu. “Hiyo yenu tutaiwasha sebuleni, wageni wafurahi. Lakini nguo za mutoto, hizo ni za kwetu.”

Hakimu alitazama sakafu. Lukeba, aliyekuja na kanzu mpya, alijizuia kukohoa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Chumbani, Chausiku aliweka makaa kwenye chetezo, akatupia udi wake, akafunika kwa kikapu kikubwa na kutandaza nguo za Aisha juu yake, moja moja. Moshi ukapenya kwenye kikapu, ukapanda katika hariri, ukatoka dirishani na kufuata njia yake ile ile, mbele ya mlango, kichochoroni, juu. Shangazi mkubwa alivuta pumzi. Akavuta tena. Akakunja paji la uso.

“Tamu,” alisema. “Lakini iko na kitu ndani. Kama dawa.”

Kaoutar alimtazama nyanya yake, na aliona vidole vyake vimeshika pindo la kikapu bila kuachia. Hapo ndipo sauti ikasikika nje, ya mwanamke anayehema.

“Hodi! Amahoro! Ni hapa, nisiambiwe kwamba si hapa!”

Alikuwa Agata. Amekuja kutoka Minago kwa pikipiki, habari ya harusi ameisikia kwa watu tu, hajawahi kufika nyumba hii, na hakuwa na namba ya simu iliyo hai. Aliingia mpaka chumbani na viatu vyake vya vumbi mkononi.

“Yule mumotari alinishusha kule juu kabisa, akakimbia,” alisema. “Ninaangalia, nyumba zote ni moja! Nikabisha huku, nikabisha kule, watu wananiambia hawajui Chausiku. Nikasema basi, nirudi. Halafu upepo ukanipiga hapa,” akajigusa pua. “Nikasikia kifua cha Nestori wangu akiwa mutoto. Nikakifuata kile kifua, kikanileta mupaka kwenye mulango.”

Akamkumbatia Chausiku, wote wawili wakayumba. Nestori ni mwanawe, sasa ana ndevu, na utotoni alinyweshwa umuravumba wa Chausiku kila msimu wa baridi. Lukeba, mlangoni, alisahau utani wake wote. Shangazi mkubwa aliinama juu ya kikapu mara ya tatu, bila kukunja uso safari hii. Alipoondoka na bibi harusi jioni ile, kopo lake la dhahabu lilibaki mezani, na katika mkoba wake, amefunga kwenye pindo la leso, alikuwa na vipande vya udi alivyoomba mwenyewe.

Kabla hawajaondoka, wakati Aisha anavalishwa nguo zile, Chausiku alitoka nje kupumua. Alisimama mbele ya mlango, kando ya kichaka, kilemba amekikaza. Kaoutar alimfuata na kikapu kitupu.

“Uliniuliza kitu hapa,” nyanya yake alisema, “siku ile ukiwa umeshika kijiti kama panya.”

Kaoutar alikuwa anakumbuka. Hakuwa anajua kwamba nyanya yake naye anakumbuka.

Chausiku alichuma jani moja, akalisugua kati ya vidole, akaupa upepo wa kichochoro harufu yake.

“Asumini watu waliipenda tu,” alisema. “Huu waliunywa. Kila mutoto wa mutaa ule nilimubana pua mimi mwenyewe. Mutaa umekufa, sijui wengi wako wapi. Lakini nilijua hakuna pua hata moja iliyosahau.”