Mtoto wa Kulishwa wa Tepaeru

Mdogo wangu Tepaeru hakuagiza mtoto kutoka kisiwani ili aendelee kula ruzuku ya serikali. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa hapa Tokoroa, katika ukumbi wa kanisa, kwenye foleni ya duka la nyama, na hata, nimeambiwa, msibani, mwili ukiwa bado ndani. Mimi ni mjane wa mzee wa kanisa, na nimefundisha watoto wa mji huu mpaka nikastaafu. Sijazoea kujibu maneno ya watu. Hili nalijibu mara moja, kwa maandishi, ili lisibadilike njiani.

Tulizaliwa watatu: mimi, kisha Tepaeru, kisha Maroti, mvulana pekee. Baba alitoka kisiwa cha Aitutaki akaja kufanya kazi katika kiwanda cha karatasi, wakati kiwanda kilipokuwa kikihitaji kila mwenye mikono. Mimi nilipelekwa chuo cha ualimu. Maroti alirudi kisiwani kutunza nyumba ya baba na makaburi ya wazee. Tepaeru alibaki na mama, akamwosha na kumlisha miaka yote ya ugonjwa wake. Hakuna aliyempangia kazi hiyo. Ni kwamba tulipotafuta mtu, yeye tayari alikuwa jikoni.

Baadaye aliolewa, akazaa watatu, na mume akaenda migodini Australia, ambako alipata nyumba nyingine na mwanamke wa kuikalia. Tepaeru hakulia mbele yetu. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta anasafisha friji.

"Dada, angalau hii hakuibeba," aliniambia. "Ilimshinda mlangoni."

Tangu hapo ameishi kwa ruzuku ya mzazi anayelea peke yake, pamoja na kazi ya asubuhi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Anakunja mashuka mpaka vidole vinapasuka kwa sabuni. Sijawahi kumsikia akilalamika, isipokuwa juu ya mzee mmoja anayesahau meno ya bandia mfukoni mwa pajama.

Masharti ya ruzuku hiyo anayajua kila mwanamke aliyeachwa na mume mjini hapa. Mtoto wako wa mwisho akitimiza miaka kumi na minne, huhesabiwi tena kuwa mlezi. Unahesabiwa kuwa mtu asiye na kazi, na unatakiwa kutafuta kazi ya kutwa, saa thelathini kwa wiki au zaidi. Ukiletewa kazi inayokufaa ukaikataa, wanakukata. Vaine, kitinda mimba wa Tepaeru, alitimiza umri huo mwezi wa Julai. Wiki hiyohiyo Nooroa, mtoto wa Maroti, mwenye miaka minne, alishuka kwenye ndege akiwa amevaa koti la mtu mzima.

Kwetu mtoto huweza kupewa ndugu amlee. Tunamwita mtoto wa kulishwa. Nimelelewa na watu waliolishwa, na marehemu mume wangu alikuwa mmoja wao. Hakuna anayeuliza kwa nini, kwa sababu kuuliza ni kumwambia mtoto kwamba hakustahili kuwa pale. Kwa hiyo Maroti aliponipigia simu na kusema, "Dada, Nooroa sasa ni wa Tepaeru," nilimjibu vyema, nikauliza ndege inafika saa ngapi, nikaenda kupika majani ya magimbi kwa tui.

Wengine hawakuona hivyo. Alhamisi tunashona mashuka ya maua ukumbini, wanawake wote tukizunguka kitambaa kimoja. Mama Poko alingoja mpaka sote tulipoinama.

"Tepaeru," alisema, "wako ametimiza kumi na minne juzi, na jana umepokea mwingine. Huko uwanja wa ndege wanauza?"

"Wanauza, mama," Tepaeru alisema bila kuacha kushona. "Walibaki wawili, lakini wana midomo kama yako, nikaogopa."

Walicheka, na mimi nilicheka kidogo. Nilidhani yamekwisha. Kabla ya mwezi kuisha, mchungaji mwenyewe aliniuliza kama ni kweli kwamba familia yetu inaidanganya serikali. Niliufunga mkoba wangu pale mlangoni mwa kanisa nikaenda nyumbani. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho.

Kisha Tepaeru aliitwa kwenye ofisi ya ruzuku. Kazi ilikuwa imepatikana, usafi katika kiwanda cha maziwa, kutwa nzima, pamoja na safari ya kwenda na kurudi. Shida ilikuwa Nooroa. Alipopelekwa chekechea alijificha chini ya meza na hakutoka mpaka Tepaeru alipoletwa kutoka kazini akiwa bado na aproni. Mimi nyonga yangu imefanyiwa upasuaji na siwezi kukimbizana na mtoto. Ama Tepaeru angehesabiwa kuwa mlezi wa mtoto mdogo na kubaki na kazi yake ya asubuhi, ama Nooroa angerudi kisiwani. Nilikwenda naye ofisini ili mambo yaelezwe kwa lugha nzuri.

Afisa alikuwa Kirsty, niliyemfundisha.

"Mwalimu, kalia kiti hiki, hakiyumbi."

"Bado unatafuna jojo, Kirsty."

"Hii ni ya kuacha sigara, Mwalimu. Daktari ameniruhusu." Alimtazama Nooroa, aliyekuwa amepakatwa na Tepaeru. "Huyu ndiye? Wazazi wake wamekufa?"

"Wako hai," Tepaeru alisema.

"Wanaumwa?"

"Hapana."

"Basi kwa nini yuko kwako?"

Nilijibu mimi. "Kwa sababu Tepaeru ni shangazi yake."

"Hilo linanieleza ni nani wake, Mwalimu. Mimi natakiwa kujua sababu." Alisema kwa upole, sitamsingizia. "Nikimhesabu mtoto wa watu wengine kwa Tepaeru, lazima niseme kwamba kwa wazazi wake familia imevunjika na hawezi kukaa nao. Kama haijavunjika, arudi kwao, na Tepaeru aanze kazi Jumatatu."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi mbele za watu. Imevunjika. Alikuwa anaisema nyumba ya baba yangu, ambayo wachungaji walilala humo, ambayo hakuna mtoto aliyewahi kutoka humo akiwa na njaa.

"Kirsty," nilisema, "hilo hutalisema juu yetu. Mtoto atarudi kwa Maroti mpaka atakapoanza shule, na mdogo wangu atakwenda kiwandani. Sisi hatujavunjika."

Tepaeru alinigeukia. "Dada, mtoe Nooroa nje, mwonyeshe magari."

"Magari ameyaona. Tumalize hapa."

"Basi mzibe masikio."

Nilidhani anafanya mzaha wake. Uso wake haukuwa wa mzaha. Nilimvuta mtoto magotini pangu, nikaingiza viganja chini ya nywele zake, ambazo kwa desturi yetu hazijakatwa bado na zinafika mabegani. Nyuma ya sikio la kushoto vidole vyangu vilipita juu ya kovu. Lilikuwa refu, limeinuka kama mshono, na liliendelea kupanda mahali ambapo sikutaka kulifuata. Nimewaogesha watoto wengi. Najua kovu la kuanguka lilivyo.

Tepaeru alizungumza kwa sauti ya chini, bila kulia, akimtazama Kirsty na si mimi. Kirsty aliacha kutafuna. Aliyosema siyaandiki. Nayaandika mawili tu, na Tepaeru ameniruhusu: kwamba mtoto hakuwa salama kule, na kwamba aliyeomba achukuliwe upesi ni baba yake mwenyewe.

"Nisingesema," Tepaeru alimalizia, "lakini mmetaka kumrudisha."

Kirsty alimwambia kazi ya kiwandani aiondoe mawazoni.

Ndani ya gari sikuweza kuwasha injini. Nooroa alikuwa nyuma akihesabu malori ya magogo.

"Mchungaji ameniuliza kama tunaiba," nilisema. "Mama Poko amekusema mji mzima. Na wewe ulikuwa na jibu."

"Nilikuwa nalo."

"Na mimi, Tepaeru? Dada yako?"

"Wewe ungempigia Maroti siku hiyohiyo, dada. Ungemhutubia kama darasa la tano, na angenyamaza, na siku nyingine asingepiga simu kuniomba msaada." Alijipangusa mikono kwenye sketi ingawa haikuwa na kitu. "Wakiniita mwizi wa ruzuku, wananisema mimi, mtu mzima. Huyu akikua, unataka asikie nini ukumbini kuhusu baba yake?"

Nimesoma kuliko wote nyumbani kwetu, na nilikaa pale nimeshika usukani wa gari lililozimwa mpaka mwenye gari la nyuma, aliyetaka nafasi yetu, akapiga honi.

Sasa mnajua yaliyo kweli. Tepaeru hakwenda kiwandani, na ni kwa sababu ya mtoto. Ofisi inajua, sheria inaruhusu, na sharti la kazi ya kutwa litamngoja mpaka Nooroa awe mkubwa. Asubuhi anakunja mashuka ya wazee. Mchana yuko nyumbani, na Nooroa sasa hulala hata Tepaeru akiwa chumba kingine, mradi mlango uwe wazi na amsikie akigonganisha vyombo. Mchungaji nimemjibu kwamba hatumdanganyi mtu, na amekubali neno langu. Wengine nao watalikubali au wataliacha.

Kuhusu Maroti na nyumba ya Aitutaki, asiniulize mtu, wala asimuulize Tepaeru. Sitajibu.